Punje ya Kutu

Saa tisa alasiri mjini Umeå, na usiku umeshaingia.
Jua la Desemba lilichungulia kama mgeni mwenye haraka,
halikuvua hata koti.

Chini ya ardhi, maabara namba nne,
Ylva amefumba jicho moja.
Jingine limezama kwenye hadubini,
ndani ya tone lisilotosha kulowesha ulimi wa sisimizi.

Humo mna punje ya kutu.
Kutu hiihii ilayo misumari na mabati,
ila hii ilipikwa, ikapimwa, ikachongwa umbo la dadu,
ndogo hata unywele wa Ylva ukianguka kando yake
utakuwa gogo la msonobari.

Na kando ya punje, shanga za kioo,
mviringo, baridi, hazina njaa wala safari.
Maji huzitikisa, nazo hutikisika,
huku kidogo, kule kidogo,
kama watu hospitalini wakingoja kuitwa majina.

Anawasha taa ya buluu.

Punje inakunywa mwanga.
Inaitafuna dawa iliyochanganywa majini,
inatema kisichoonekana,
na maji ya jirani yanabadilika ladha.
Hapo shanga moja inageuka.
Hapana, Ylva, futa. Haina uso wa kugeuza.
Andika: inasogea.
Ya pili inasogea. Ya tano.
Zimeizingira kutu kama watoto na sufuria ya ukoko.

Ndiyo yale ya mgeni njoo mwenyeji apone,
ingawa hapa mwenyeji hajui kama aliugua.

Lakini jana aliona jambo asilolitia daftarini.
Punje ilikuwa peke yake,
taa inawaka kwa nguvu zote,
na haikwenda popote.
Ilitetemeka papo hapo,
ikitema pande zote sawa, ikijivuta pande zote sawa,
imebaki na nguvu zake
kama mwenye noti kubwa pasipo na duka.
Mpaka shanga moja, goigoi la kioo,
ikaja ikagota ubavuni.
Ndipo zikaondoka.
Zote mbili, bega kwa bega, zikakata tone kati kwa kati,
na Ylva akasahau kupumua,
kioo cha hadubini kikaacha kuingia ukungu.

Nani alimbeba nani?

Kila Alhamisi hupanda basi namba tano kwenda kwa baba yake.
Evert, miaka thelathini na minane kiwanda cha karatasi,
tangu Barbro azikwe hukaa dirishani
akisoma kipimajoto kilichoning'inia nje.
Anajua kila digrii ya baridi asiyoitokea.
Ylva humvisha soksi za sufu, humshika kiwiko,
humvuta hadi mtoni, wakasikilize barafu ikipasuka,
kisha huwaambia wenzake, huku akikoroga kahawa:
bila mimi baba yangu asingetoka.

Na siku nyingine za wiki, Ylva?
Jumatatu ulikwenda wapi? Jumamosi je?
Ulichemka wapi, pande zote sawa?

Saa kumi na mbili na nusu anazima taa.
Shanga zinalegea. Hakuna kuagana.
Kila moja inarudia kutikisika kwake,
huku kidogo, kule kidogo.
Moja inakawia ubavuni mwa kutu.
Anaisubiri dakika nne nzima.
Kisha anaandika: *huenda imenasa kwenye uchafu.*
Anaitazama ile *huenda*. Anaiacha.

Kituoni manispaa imeweka taa nyeupe nyuma ya kioo,
za kuwasaidia watu kuvuka majira ya giza.
Wamesimama chini yake, nyuso juu, macho yamefumbwa,
mama mwenye kigari cha mtoto, kijana wa magongo ya barafu,
karibu karibu kuliko ilivyo desturi ya huku,
na hakuna aliyemsalimu mwenzake.
Ylva anajibana katikati.

Simu inatikisika mfukoni.
Ni Evert, kwa herufi kubwa tupu kama kawaida yake:
KIATU KIMOJA NIMESHAVAA.
KINGINE KIMEJIFICHA.
UKO WAPI?